Maswali ya Wasomaji: Krimu Yangu Imegeuka Pinki

Ndugu wahariri, nilichagua krimu kwenye kadi ya rangi dukani. Fundi amemaliza sebule, lakini kuta zinaonekana za pinki, hasa jioni. Sakafu yangu ni ya saruji nyekundu na makochi ni maruni. Je, nimeuziwa rangi siyo?
*Msomaji, Tanga*

Pengine umeuziwa ile ile uliyochagua. Sakafu nyekundu iliyong'arishwa kwa nta hupokea jua la dirishani na kulirudisha ukutani likiwa na wekundu, na krimu imepauka mno kuweza kuuficha. Kagua mwenyewe mchana: kama pinki imekolea chini ya usawa wa kiuno kuliko karibu na dari, chanzo ni sakafu. Jioni jua linaposhuka huwa na wekundu wake, kisha taa nazo zinaingia. Tazama boksi la balbu, kwenye namba ya kelvini (K), kipimo cha rangi ya mwanga: kelvini 2700 ni mwanga wa manjano, 6500 ni mweupe unaoelekea bluu. Rangi moja chini ya balbu hizo mbili utadhani ni makopo mawili tofauti.

Halafu krimu zenyewe si moja. Nyingine ndani yake mna manjano, nyingine pinki, nyingine kijani, na kwenye kadi ndogo ya dukani huwezi kuona. Bandika karatasi nyeupe kabisa ukutani. Palepale utaona krimu yako inaelekea wapi.

Kabla ya kununua tena, paka sampuli kwenye kipande cha hadibodi cha sentimita 60 kwa 60, mikono miwili (yaani tabaka mbili), ikauke. Usiijaribu moja kwa moja ukutani, kwa sababu pinki ya sasa itakudanganya macho. Kisimamishe kwenye kila ukuta, ukitazame asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni na usiku taa zikiwaka. Kwa sakafu yako, jaribu krimu yenye ukijani kidogo sana: kijani na nyekundu zinatazamana kwenye duara la rangi, hivyo moja huzimua nyingine. Kati ya kadi mbili zinazokuvutia, chukua iliyopauka zaidi. Kuta nne zinarushiana mwanga, na rangi hukolea kuliko ulivyoiona kwenye kadi.

Wengi huanza na rangi ya ukuta, kisha wanahangaika na makochi. Anza na visivyobadilika: sakafu, makochi, vigae. Rangi ya ukuta ndiyo rahisi kubadilisha, basi ichaguliwe mwisho.

Nasikia kuna kanuni ya 60, 30 na 10 ya kugawa rangi sebuleni. Inahesabiwaje? Makochi yangu ni kahawia na sebule ni nyembamba kama korido.
*Msomaji, Nakuru*

Hesabu kwa eneo linaloonekana, si kwa idadi ya vitu. Asilimia 60 ni kuta na sakafu, 30 ni makochi na mapazia, 10 ni mito, picha na chungu cha maua. Kwako kahawia tayari ni sehemu ya 30. Kuta ziwe krimu au nyeupe iliyopoa, na ile 10 iwe rangi moja, tuseme bluu ya kukolea, irudiwe mahali patatu. Hapa ndipo watu wanapokosea: mito ya njano, zulia la zambarau, maua mekundu, na jicho halijui litue wapi. Si lazima asilimia zitimie kwa rula.

Kuhusu wembamba, kuta ndefu ziache nyeupe, ukuta mfupi wa mbele uwe na rangi iliyokolea. Utaonekana umesogea karibu. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu navyo ni vyembamba, kwa kuwa upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake zilipigwa chokaa nyeupe. Fimbo ya pazia ifunge karibu na dari, ipite dirisha sentimita 15 hadi 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo.

Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo 2.8. Ninunue lita ngapi?
*Msomaji, Mwanza*

Mzunguko ni mita 15, mara 2.8 unapata mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha mawili ya kawaida, zibaki kama 36.5. Mikono miwili ni 73. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita za mraba 10, hivyo nunua lita 8. Ukuta mpya wa plasta hufyonza: upigwe praima (rangi ya msingi) kwanza, la sivyo utaona mabaka na rangi itaisha njiani. Fundi akizidisha maji kuliko kopo linavyosema, atahitaji mkono wa tatu. Makopo yakiwa mawili, mimina yote kwenye ndoo moja mkoroge kabla ya kuanza, kwani rangi iliyochanganywa kwa mashine inaweza kutofautiana kidogo kopo kwa kopo.