Jirani Asisikie: Majibu kwa Mnaofanya Kazi Ofisi za Pamoja

Mimi ni wakili Dar es Salaam. Chumba changu kina kuta za jipsamu na jirani anasikia shida za wateja wangu. Niongeze unene wa ukuta?

Wakili, kwanza panda ngazi ufunue kipande kimoja cha dari. Mara nyingi ukuta wa jipsamu huishia kwenye siling bodi, na juu yake ni uwazi mtupu toka chumba hadi chumba. Sauti hupanda, huvuka, hushukia kwa jirani. Mwombe mwenye jengo aufikishe ukuta kwenye zege. Halafu ziba uwazi ulio chini ya mlango kwa mpira, maana panapopita hewa na sauti hupita.

Nimebandika sponji ukuta mzima, bado tunasikika.

Sponji hunyonya mwangwi wa ndani tu. Kinachozuia sauti kutoka ni uzito wa ukuta na kutokuwa na upenyo.

Mimi ni mnasihi. Nimeambiwa kuna spika za kufunika mazungumzo. Si kuongeza kelele?

Dada, zikipangwa vizuri hazisumbui. Hufungwa darini na kutoa mvumo laini unaofanana na wa kiyoyozi, kwa kawaida desibeli 40 hadi 48. Jirani atajua kuna mtu anaongea, ila hatashika maneno, kwa sababu herufi hafifu kama s, f na t ndizo huwa za kwanza kuzama kwenye mvumo, na bila hizo maneno hayatambuliki. Wengi hukosea mahali pa kuziweka: mvumo unatakiwa uwe kwa anayesikiliza, yaani kwenye korido na sehemu ya kungojea, wala si chumbani ambako mteja wako atalazimika kupaza sauti. Aliyekaa mita moja nawe hautamzuia, kwani hapo maongezi ya kawaida hufika kama desibeli 60. Redio haifai, maneno yake huvuta masikio. Kama fedha hazitoshi, feni nje ya mlango husaidia kiasi.

Hedifoni za kuzuia kelele zinatosha?

Zinakupa utulivu wewe. Sauti yako bado inasikika.

Nasajili wateja kwa simu katikati ya ukumbi wa wazi. Nifanyeje?

Kaka, usirudie kwa sauti namba ya kitambulisho wala jina la ugonjwa. Mwambie mteja azitaje yeye, au azitume kwa maandishi, wewe ujibu "nimeipata." Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamtaka anayezishika azilinde, na mteja wako hawaoni waliokuzunguka.