Pemba, Mafia au Mnemba? Anza na siku ya kuondoka

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Dodoma. Tuna vyeti vya mwanzo vya kupiga mbizi, vya kushuka hadi mita 18, na Desemba tutakuwa na siku nne za mapumziko. Tunashindwa kuchagua kati ya Pemba, Mafia na Mnemba. Kijana mmoja anayetafutia wageni safari ametushauri Mafia: tuzamie hata asubuhi ya siku ya mwisho, mchana tupande ndege ya Dar, jioni treni ya kurudi nyumbani. Anasema ndege zile ndogo hazipandi juu, na tukinywa maji mengi hakuna tatizo. Ni kweli?

JIBU: Kisiwa nitakujibu upesi, dada yangu, maana si hapo penye shida.

Pemba ni ya waliozoea. Kuta za matumbawe za upande wa magharibi, kuanzia kisiwa cha Misali hadi milango ya Njao na Fundo, yaani mapito ya maji kati ya visiwa, zinashuka ghafla kuelekea mkono wa bahari wenye kina kinachopita mita 800, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, hupita milangoni kwa nguvu ambayo haimngoji mtu arekebishe barakoa yake. Mandhari hayana mfano, lakini mwenye mbizi chache atamaliza hewa akipambana na mkondo badala ya kutazama samaki. Mnemba kuna kasa, kuna pomboo, na huhitaji kushuka sana. Ila Desemba boti hubanana, na kaskazi ikikaza upande ule wa Unguja huchafuka. Kwa cheti chenu, nami ningesema Mafia. Ghuba ya Chole imekingwa na visiwa vidogo na miamba, imo ndani ya hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1995, na sehemu kubwa ya matumbawe yake mtaifikia bila kuvuka mita 18. Zamieni maji yakiwa yanajaa, ndipo yanapokuwa maangavu.

Kwa hiyo kisiwa kijana kapatia. Mengine yote kakosea, na ni makosa ninayoyasikia kila msimu kutoka kwa watu wanaoyasema kwa uhakika wa kutisha.

Mtungi unaoubeba mgongoni hauna oksijeni tupu kama wengi wanavyouita. Una hewa hii hii ya kawaida, ambayo sehemu kubwa ni naitrojeni. Ukiwa mita 18 shinikizo ni karibu mara tatu ya lile la juu ya maji, na kila pumzi inaingiza naitrojeni zaidi kwenye damu na mafuta ya mwili. Ukiibuka, haiishi pale pale. Inatoka polepole kupitia mapafu, kwa saa nyingi, hata kama umeibuka taratibu na mashine ya mkononi inayopima kina na muda haijalia. Ukipanda juu angani kabla haijapungua, shinikizo linashuka tena na viputo vinaota ndani ya mwili: kwenye maungio, na bahati ikiwa mbaya kwenye uti wa mgongo.

Maji ya kunywa ni mazuri kwa sababu aliyekaukiwa mwili yuko hatarini zaidi. Lakini hayaoshi naitrojeni. Kinachoitoa ni muda.

Na hiyo hoja ya ndege ndogo ndiyo inayonichosha kuliko zote. Ndege kubwa hata ikiwa mita 11,000, ndani yake hushindiliwa hewa, abiria wakawa kama watu waliopanda mlima wa mita 2,400, kwa kawaida si zaidi. Ndege ndogo za visiwani hazina mfumo huo. Ikiwa mita 1,500, na wewe uko mita 1,500. Rubani akipanda kukwepa wingu, mnapanda wote.

Mwongozo unaotumika ni huu: baada ya mbizi moja ya kawaida, ngoja angalau saa 12, baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, angalau saa 18. Mimi wageni wangu nawaambia 24, na sijadili. Tena mwongozo huo haujali kama unapanda kwa mabawa au kwa magurudumu. Unaanza kuhesabika kwenye mwinuko wa mita 600 hivi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,000. Treni yenu ya jioni nayo imo, kama lilivyomo basi la Arusha na treni ya Mombasa kwenda Nairobi. Watu wa Diani, kusini mwa Mombasa, huzamia asubuhi, wakapanda treni mchana, na hakuna aliyewauliza kitu.

Hawaulizwi kwa sababu anayeuza mbizi ufukweni mara nyingi si anayezamia nawe. Papasi wa Nungwi, yaani dalali wa ufukweni kule Unguja, atakuuzia safari bila kukuuliza cheti, ulizamia lini mara ya mwisho, wala unaondoka lini. Bega likianza kuuma usiku, atakwambia ni uzito wa mtungi, ukandwe mafuta ya nazi. Wazamiaji wa majongoo bahari miguu ikiwafa ganzi huambiwa ni shetani wa baharini, wakapelekwa kupungwa; wengine hurudi chini na mtungi mwingine eti wajitibu. Yote hayo yanakula muda wa matibabu. Maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usioelezeka ndani ya siku moja baada ya mbizi: mgonjwa alazwe chini, apewe oksijeni tupu, kisha atafutiwe chumba cha shinikizo, kile cha matibabu kinachoshindiliwa hewa ili viputo visinyae. Kabla hujalipa, muulize mwenye kituo kama ana oksijeni ndani ya boti, na chumba cha karibu kinachofanya kazi kiko wapi. Akicheka, rudisha pochi mfukoni.

Mpango wenu basi: siku ya kwanza kufika, ya pili na ya tatu kuzamia Chole, na mbizi ya mwisho iishe kabla ya adhuhuri ya siku ya tatu. Ya nne, asubuhi, nendeni upande wa Kilindoni mkaogelee na papa potwe, ambao Desemba huwa wapo. Hao hutazamwa juu juu kwa barakoa na mrija, bila mtungi. Na ndege mkate ya alasiri.