Kabla ya kusema molekuli ni pola, ichore kwanza

Nilipoanza kemia nilikariri kanuni moja nikaiona inatosha: kwenye atomi mbili zilizoungana, chukua elektronegativiti (nguvu ya atomi kuvuta elektroni) kubwa, toa ndogo. Ukipata chini ya 0.5 bondi, yaani kiungo kati ya atomi hizo, si pola (haina upande hasi na upande chanya), kati ya 0.5 na 1.7 ni pola, ukizidi hapo ni ya ayoni, yaani elektroni imehamia kwa atomi moja. Nikaingia nayo kwenye mtihani. Swali la kaboni dayoksaidi ndilo lililoniangusha. Oksijeni 3.44, kaboni 2.55, tofauti 0.89, nikaandika kwamba molekuli ni pola. Nikakosa, na iliniuma, maana hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Nilikuwa nimejibu kuhusu bondi, na swali liliuliza molekuli. Tafadhali usiyachanganye haya mawili.

Bondi ya kovalenti ni atomi mbili kushirikiana jozi ya elektroni. Zikiwa na nguvu sawa ya kuvuta, kama haidrojeni mbili, jozi hukaa katikati. Moja ikivuta zaidi, kama klorini mbele ya haidrojeni, jozi huisogelea: upande wake unapata chaji hasi kidogo, mwenzake chanya kidogo. Hiyo ndiyo bondi pola, na kanuni yangu ilikomea hapo.

Kwenye kaboni dayoksaidi, oksijeni mbili zinaivuta kaboni kutoka pande zinazokabiliana, kwenye mstari ulionyooka, kwa nguvu ileile. Mivuto inafutana. Bondi zote mbili ni pola, molekuli siyo. Maji nayo yana bondi mbili zinazofanana, ila yamepinda kwa nyuzi 104.5 hivi, kwa hiyo mivuto haifutani na upande wa oksijeni unabaki hasi.

Umbo hilo linatoka wapi? Hapa ndipo ninapoona wengi wakiteleza: wanasahau kuchora jozi za elektroni zisizoshiriki kwenye bondi. Linganisha BF₃ (boroni trifloridi) na NH₃ (amonia). Kwa fomula tu zinafanana, atomi moja imezungukwa na tatu. Lakini boroni haina jozi ya ziada, hivyo florini zake hutandaa kwenye bapa moja na mivuto ikafutana. Naitrojeni inayo jozi moja, nayo inazisukuma haidrojeni upande mmoja. Amonia ni pola. Siku nilipochora vitone vyote vya elektroni, hata vile vilivyoonekana havina kazi, ndipo somo lilipokaa.

Ile mipaka ya 0.5 na 1.7 ichukue kama makadirio. Vitabu vingine huanzia 0.4. Haidrojeni floridi ina tofauti ya 1.78, na bado ni molekuli ya kovalenti.

Ukitaka kujipima, chora CCl₄ (kaboni tetrakloridi) pamoja na mishale ya mivuto. Klorini nne zimejipanga kwa ulinganifu, kwa hiyo molekuli si pola. Sasa toa klorini moja, weka haidrojeni mahali pake, kisha angalia mishale iliyobaki inaelekea wapi.