Kadi Zimeshagawiwa, Lakini Nikaha Bado

Juzi saa sita usiku binti mmoja wa Muheza alinitumia ujumbe mrefu. Harusi yake imebakiza wiki tatu, kadi zimeshagawiwa, na kwenye simu ya mchumba wake ameona maneno ya mwanamke mwingine. "Dada, watu wameshachanga, nitawaambia nini?" Sikulala tena. Swali hilohilo nilijiuliza miaka 11 iliyopita, nikajijibu vibaya.

Kwetu ni Ngamiani, Tanga. Aliyenichumbia alileta barua ya posa kwa heshima zote, mshenga wake mtu mzima, mahari ikapokelewa. Shoga yangu wa tangu madrasa ndiye aliyeshika daftari la michango. Ndiye tuliyekwenda naye kuchagua kanga za sare; mimi nilitaka kijani, yeye akang'ang'ania zambarau, nikamwachia. Nilipowekwa ndani kusingwa, simu yangu alikaa nayo yeye, na salamu zote za bwana harusi zilipitia kwake.

Dalili niliziona. Siku moja alisifia samaki aliowala Pangani, na wiki ileile mchumba wangu alikuwa ameniaga kwamba anakwenda Pangani kikazi. Moyo ulinipiga paa! Nikanyamaza. Nilimwonea haya baba, nikaionea haya michango ya watu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilipakwa hina mpaka magotini. Nyumba imejaa, ngoma inapigwa, masufuria ya pilau yamepangwa uani. Shoga yangu hakuja. Alituma salamu kwamba mama yake anaumwa, nami nikamwombea dua mgonjwa. Ijumaa baada ya sala wanaume walikaa barazani wakisubiri. Saa nane ikapita, na saa tisa. Saa kumi mshenga akaja peke yake, kofia mkononi, akamwita baba mdogo pembeni. Nilimsikia mama akisema "Pangani?" mara moja tu, kisha nyumba nzima ikanyamaza.

Walikuwa wameoana Alhamisi. Picha ilinifikia Jumamosi: shoga yangu amejitanda kanga ya zambarau. Sare yangu.

Hina iliyokolea haitoki. Nilisugua miguu kwa jiwe mpaka ngozi ikachubuka, na maua yakabaki palepale wiki mbili nzima. Mpaka leo sivai zambarau.

Mahari tulirudisha. Miezi iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Leo nina cherehani nne na ninashona nguo za maharusi, na kila mwari anayekuja kupimwa namwuliza kabla sijashika futi: mwenzio umemwuliza yote unayotaka kujua? Wapo waliokasirika. Wapo waliorudi kunishukuru.

Basi mdogo wangu, uliza. Usimwulize shoga, mwulize mshenga, maana kazi ya mshenga haiishii kwenye mahari. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya wazee akasema kijana huyu namjua. Simu yako kaa nayo mwenyewe. Risiti zako pia zitunze, za ukumbi, za nguo, za chakula. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai mahakamani gharama alizotumia kweli, na zawadi zilizotolewa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe zinaweza kudaiwa zirudi. Machozi hayamo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana nasema uliza sasa, kabla ya hina.

Na hao waliochanga usiwaogope. Waliochangia harusi yangu walikula pilau jioni ileile, wakarudi makwao. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunidai. Aliyekuja alikuwa bibi wa nyumba ya pili, akanikalisha mkekani, akanikata kucha zenye hina moja moja bila kusema neno.

Kesho asubuhi mapema nenda kwa baba yako mdogo, mwombe amwite mshenga, nawe ukae chumba cha pili mlango wazi. Kisha nipigie.