Shemeji anasema dunia ina miaka 6,000

Mkuu, kama kila Jumapili wewe na shemeji yako mnaishia kununiana juu ya umri wa dunia, basi usianze na miaka bilioni 4.5, hapo umeshampoteza, anasikia unamtukania Mungu wake. Anza na kitu cha kuonekana. Mwonyeshe picha za Oldupai, ule ukuta wa bonde una matabaka kama keki, jivu la volkano, udongo wa ziwa, jivu tena, halafu muulize tu la chini na la juu lipi lilitangulia, akijibu mwenyewe umeshafika mbali. Kisha nyayo za Laetoli, huko huko kaskazini mwa Tanzania: mababu wa binadamu walipita kwenye jivu lililoloa mvua, hadi vishimo vya matone vipo, likagandana likafukiwa na jivu jingine, wataalamu wakapima potasiamu inayogeuka polepole kuwa gesi ya agoni ndani ya jivu, ikaja kama miaka milioni 3.6. Na usimwambie achague kati ya Biblia na mawe aisee, hiyo 6,000 hakuna mstari unaoitaja, ni watu walijumlisha vizazi, askofu Ussher wa Ireland mwaka 1650 alipata kwamba dunia iliumbwa 4004 KK. Mzee wangu mmoja wa kanisa tulipofika kwa Ussher alinyamaza, akaomba chai, tukahamia kwenye mpira.