Kabla ya kulipia hifadhi ya wingu kwa NAS yako, piga hesabu ya kurejesha

Kila anayeniuliza achague huduma gani ya kuweka mtandaoni nakala za NAS yake (kile kifaa chenye diski, mara nyingi mbili, kinachohifadhi faili za nyumba nzima kupitia mtandao wa ndani) huanza na bei: terabaiti moja ni dola ngapi kwa mwezi? Mimi namrudisha kwenye swali jingine. Siku NAS ikiibiwa au diski zote mbili zikifa, utavipata vitu vyako baada ya muda gani, na utalipa kiasi gani ili uvipate? Nakala unaiweka kwa ajili ya siku hiyo, basi huduma ipimwe kwa siku hiyo.

Tazama Glacier Deep Archive, hifadhi ya wingu ya Amazon kwa faili zisizoguswa mara kwa mara. Katika baadhi ya vituo vyao vya Marekani, kuhifadhi terabaiti moja hugharimu kama dola 1 kwa mwezi. Ukisikia hivyo unataka kujisajili papo hapo. Lakini faili zilizoko huko huwezi kuzichukua mara moja. Unaziomba kwanza, halafu unasubiri kwa muda unaoweza kufika saa 12, au saa 48 ukichagua njia ya bei nafuu. Kuzileta nyumbani nako kunatozwa takriban senti 9 za dola kwa kila gigabaiti, ukiondoa gigabaiti 100 za kwanza za mwezi. Mwenye terabaiti nne za picha na video za familia atadaiwa zaidi ya dola 300, tena wakati ambao huenda anatafuta pesa za kununua NAS nyingine. Na ukifuta faili kabla ya siku 180, unalipia hizo siku zilizobaki. Naiheshimu huduma hiyo kama nakala ya akiba ya mwisho kabisa. Kama ndiyo nakala pekee iliyo nje ya nyumba, siipendekezi.

Mimi natumia B2, hifadhi ya wingu ya kampuni ya Backblaze. Mwaka 2023 walipandisha bei hadi dola 6 kwa terabaiti kwa mwezi, lakini wakati huohuo wakaruhusu kupakua bure hadi mara tatu ya kiasi ulichohifadhi. Hapo hesabu ya siku mbaya inajulikana mapema. Angalia tu usichanganye B2 na kifurushi chao cha kompyuta binafsi kisicho na kikomo, kwa sababu kile hakichukui NAS. Wasabi, huduma nyingine ya aina hiyo, nao hawatozi upakuaji, ila kwenye malipo ya kila mwezi wanahesabu terabaiti moja hata kama una nusu yake, na faili ikifutwa kabla ya siku 90 inalipiwa siku zote 90.

Jambo la pili ni programu inayopeleka nakala. Kusawazisha folda na wingu, yaani kila badiliko la nyumbani kufanywa vilevile mtandaoni, si kuweka nakala. Mwezi Januari 2022 wadukuzi wa DeadBolt walizivamia NAS nyingi za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, wakafunga faili za watu na kudai fidia. Ukiwa unasawazisha tu, faili zilizofungwa zitapanda juu na kukaa mahali pa zile nzima. Unahitaji programu inayotunza matoleo ya nyuma. Synology, watengenezaji wengine wa NAS, wana Hyper Backup, QNAP wana Hybrid Backup Sync. Nimeipenda Hyper Backup kwa sababu nakala zake, ukishazipakua, zinafunguka kwenye kompyuta ya kawaida kwa programu ya bure ya Hyper Backup Explorer, hata kama huna tena NAS.

Washa usimbaji fiche, yaani kuzifanya faili zisisomeke bila nenosiri au ufunguo wako. Ukishauwasha, nenosiri na faili la ufunguo ni mzigo wako, kwa kuwa hakuna kampuni itakayoweza kukufungulia. Usiviweke ndani ya NAS ileile. Mimi vyangu vimechapwa kwenye karatasi, nakala moja iko kwa dada yangu.

Sasa kasi. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, terabaiti moja inapanda kwa zaidi ya siku tisa bila kupumzika. Muulize mtoa huduma wako wa intaneti kasi ya kupakia, maana tangazo mara nyingi linataja ya kupakua tu. Anza na visivyopatikana tena: picha, hati za shamba na nyumba, sauti za wazee waliotutoka. Filamu zisubiri, au zisiende kabisa. Na hata ukiwa na wingu, endelea kuweka nakala kwenye diski ya USB nyumbani. Mwezi Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Tanzania, Kenya na Uganda. Siku kama hizo diski iliyo kabatini ndiyo inayokurejeshea kazi.

Malipo pia yanaangusha watu. Bili ni ya dola na inakatwa kwenye kadi. Kadi ikiisha muda au ikikosa salio, akaunti husimamishwa, na ikiendelea hivyo data inaweza kufutwa. Weka barua pepe ambayo watu wawili wa nyumbani wanaisoma.

Kabla ya kutoa hata senti, jaribu. B2 wanatoa gigabaiti 10 za kwanza bure, na zinatosha. Pandisha folda moja ya picha ikiwa imesimbwa, zima NAS, kisha rejesha folda hiyo kwenye kompyuta ndogo kwa kutumia ile karatasi tu. Picha zikifunguka, andika muda uliotumika, uuzidishe kwa idadi ya mara ambazo data yako yote inaizidi folda hiyo kwa ukubwa, ndipo uamue.