Uliza Fundi wa Mtandao: Vimistari vimejaa, neti haiendi

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Nina gesti Mji Mkongwe hapa Unguja, vyumba 11, chini na juu mara mbili. Ruta iko mapokezi na ukipima pale spidi nzuri tu, ila wageni wa juu wanalalamika kila siku na wengine wameshaniandikia maoni mabaya. Nikanunua repita mbili za kuchomeka ukutani, sasa simu inaonyesha vimistari vyote vimejaa lakini hata picha ya WhatsApp haitoki. Kuna kijana kaniambia ninunue ruta ya antena nane. Ninunue? (Mwenye gesti, Shangani)

JIBU: Waalaykum salaam dada. Hiyo ya antena nane iache dukani. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli, mawimbi yakipita ukuta mmoja yamechoka, wa pili ndo basi tena. Na hata ukileta ruta inayopiga kelele mpaka Forodhani, simu ya mgeni nayo lazima ijibu, na simu ni kitu kidogo, sauti yake haifiki chini. Hiyo ndo sababu mtu anaona neti ipo halafu haifanyi kazi, yaani simu inasikia ruta ila ruta haiisikii simu.

Repita nazo ni hadithi hiyo hiyo. Vile vimistari vinakuonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na repita tu, havikwambii kitu kuhusu repita yenyewe na ruta, na kama repita imekaa pale ambapo neti ilikuwa mbovu basi inasambaza ubovu ule ule kwa nguvu. Halafu hizi za bei chee zinapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo spidi inakatika nusu au zaidi.

Unachohitaji ni akses pointi, yaani vifaa vya kurusha waifai vinavyopata neti kwa waya, na kila moja iwe na kebo yake inayoshuka mpaka kwenye swichi ya mtandao (kisanduku cha matundu mengi ya kebo kinachoungwa na ruta) pale mapokezi. Ngapi? Kabla hujatoboa hata tundu moja mwambie fundi achukue akses pointi moja, aiweke juu ya stuli kwenye korido na kebo ndefu ya kuazima, afunge mlango wa chumba kama mgeni aliyelala, apime na simu pale kitandani. Kuna programu za bure za kupima waifai, na asiangalie vimistari, aangalie namba ya nguvu ya mawimbi (dBm): ikisoma -65 hapo safi, ikifika -75 hapo jiandae na maoni mabaya mengine. Nyumba nyingi za huko zina uwanja wazi katikati, ule ni msaada mkubwa, mawimbi yanapanda pale bila kizuizi, ila vyumba vilivyogeukia mtaani vitataka akses pointi ya karibu yao. Na kebo zipite ndani, usimruhusu mtu aburuze waya juu ya ukuta wa nje, mji ule ni urithi wa dunia tangu 2000, ukigusa sura ya nyumba kaulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Sasa kebo, hapa ndo watu wanapigwa. Nunua kebo ya mtandao aina ya Cat6 ya shaba tupu. Madukani zimejaa za aluminiamu iliyopakwa shaba, box linafanana na bei inavutia, kwangua waya na kisu, ukiona weupe ndani rudisha. Aluminiamu inazuia umeme zaidi na wewe umeme unauhitaji upite humo humo, maana akses pointi nzuri hazichomekwi soketi, zinakula umeme kutoka kwenye swichi ya PoE kupitia kebo ya mtandao. Aina ya kawaida inatoa mpaka wati 15.4 kwa kila tundu, ile kubwa wati 30, kwa hiyo soma kifaa chako kinataka ngapi na swichi nzima ina jumla ya ngapi, watu wanasahau hiyo jumla halafu akses pointi ya mwisho inawaka na kuzima usiku kucha. Urefu wa kebo usizidi mita 100, gesti yako hata nusu hufiki.

Akses pointi zifungwe darini, sio nyuma ya kabati wala juu ya friji, kwa sababu vile vya duara vinamwaga mawimbi kama mwavuli kuelekea chini na pembeni. Jina moja na paswedi moja kwa zote ili mgeni akipanda ngazi simu ihame yenyewe. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11 tu, akses pointi zilizo jirani zisitumie chaneli moja, upana wa chaneli 20 MHz, na nguvu ya kutuma ishushe iwe ya kati. Fundi wengi wanapandisha mpaka mwisho wakidhani wanakusaidia, matokeo yake simu inang'ang'ania akses pointi ya chini wakati mtu yuko juu kabisa. La mwisho, wageni wawe na mtandao wao, na mashine ya kadi na kompyuta ya mapokezi ziwe na wake. Hili usilichukulie poa, mgeni huna habari simu yake ina nini.

SWALI: Mambo fundi, mi nasimamia hosteli ya wanafunzi 130 Dodoma. Tuna akses pointi 6, kila moja ina jina lake, HOSTEL1 mpaka HOSTEL6. Jioni wote wakirudi, wengine wanaingia freshi wengine simu inazunguka tu kwenye kutafuta anwani ya IP halafu inakata. Watu wa intaneti wanasema laini yao haina shida.

JIBU: Poa. Wapo sahihi, laini haina shida, umeishiwa anwani za IP, zile namba ambazo ruta inampa kila kifaa kinachoingia. Ruta za kawaida zinatoka na nafasi ya anwani kama 250 hivi, zingine mtu kaziacha zitoe 100 tu. Watu 130, simu na laptopu, umeshafika 260. Na hayo majina sita yanakumaliza zaidi, maana simu za siku hizi zinajibadilisha kitambulisho kwa kila jina la waifai, kwa hiyo mwanafunzi aliyepita HOSTEL1 getini, HOSTEL3 kwenye korido na HOSTEL5 chumbani ruta inamhesabu kama watu watatu na inamshikia anwani tatu, mara nyingi kwa saa 24 nzima. Yeye ameshasahau, ruta haijasahau.

Weka jina moja. Muda wa kushikilia anwani ushushe iwe saa mbili tatu. Panua mtandao uwe /23 (hiyo ni saizi ya mtandao inayowekwa kwenye ruta), hapo una anwani 510. Halafu ingia kwenye kila akses pointi uhakikishe haigawi anwani yenyewe, anayegawa ni ruta peke yake, nikisikia hosteli ina vifaa sita na kila kimoja kimewekwa na mtu tofauti huwa hapo ndo naanzia. Ukimaliza weka kikomo cha spidi kwa kila kifaa, la sivyo watatu wanaoshusha muvi watawalaza wengine wote.

SWALI: Hodi fundi. Niko Kisii. Nilivuta kebo ya mtandao mita 70 kutoka nyumba kubwa mpaka nyumba ya wapangaji, ikapita juu hewani. Mvua ya juzi radi ilipiga, swichi zote mbili zikaungua pamoja na akses pointi. Ninunue za aina gani ambazo haziungui?

JIBU: Pole sana ndugu. Hakuna za hivyo, na huko Kisii radi mnaijua. Radi haihitaji hata kupiga kebo yenyewe, ikipiga jirani inatosha, shaba inaubeba umeme mpaka ndani kwa pande zote mbili. Kati ya nyumba na nyumba ondoa shaba. Tumia faiba na vigeuzi viwili, kimoja kila upande, vya kuunganisha faiba na kebo ya kawaida, faiba ni kioo haipitishi umeme, ila angalia, faiba nyingi za kutundika kwenye nguzo zina waya wa chuma pembeni wa kuishikilia, huo ukate nje kabla haujaingia nyumbani. Kama faiba ni ngumu kuipata, funga redio mbili za waifai za masafa ya 5 GHz zinazotazamana, mita 70 kwao ni karibu sana, mradi katikati pasiwe na mwembe. Hizo redio zinakaa nje, kwa hiyo kebo zake zipitie kizuia radi chenye ethi ya kweli ardhini, sio waya uliofungwa kwenye dirisha.